Kuvua kwa flai kwenye hori la maji ya chumvi, Dar es Salaam: mwongozo kamili

Mzee mmoja pale Kunduchi alikuwa akikalafati mashua yake kwa pamba na sifa, yale mafuta ya papa. Nikampita na fimbo ya flai begani, mpya kabisa, na mfuko uliojaa vitu nilivyoviagiza kwa miezi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo mwezi ngapi?"

Nikamtajia tarehe ya kalenda ya ukutani. Akatikisa kichwa, akaendelea kushindilia pamba. "Nakuuliza mwezi wa mbinguni. Kama huujui, hujui maji. Na maji usipoyajua, samaki utamtafuta wapi?"

Siku ile nilivua saa tano nzima, sikupata hata chaa. Miaka imepita, nimevua kwenye mahori, yale maji ya bahari yanayoingia nchi kavu katikati ya mikoko: ya kaskazini, Kunduchi na Mbweni, na ya kusini upande wa Kigamboni, na swali lile bado ndilo la kwanza ninalojiuliza kabla sijagusa fimbo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na maji. Vifaa vitafuata.

Kwa asiyejua kabisa flai ni nini: katika mshipi wa kawaida, uzito wa chubwi ndio unaopeleka ndoana mbali. Kwenye flai hakuna chubwi. Mshipi wenyewe ni mnene na una uzito, nao ndio unaobeba ndoana iliyofungwa manyoya, ambayo ni nyepesi sana. Faida yake huonekana kwenye maji ya magotini. Chubwi likianguka pale, samaki wote wanatawanyika. Flai huanguka kama kamba aliyeruka na kurudi majini.

Kusoma maji

Pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, tofauti ya kina kati ya maji kujaa na maji kupwa katika Dar es Salaam ni kama mita 3.3. Wakati wa maji mafu, yaani maji madogo, hushuka hadi kama mita 1. Hori lilelile, mahali palepale uliposimama, linaweza kuwa kisima cha kukuzamisha leo na tope tupu wiki ijayo.

Hesabu ya wavuvi wetu ni ya mwezi mwandamo. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka, na nguvu yake hufika kileleni siku moja au mbili baadaye. Maji mafu huwa karibu na mwezi 8 na mwezi 23, yaani siku ya nane na ya ishirini na tatu tangu uandame. Halafu kuna jambo ambalo mtu wa Dar anapaswa kulijua kwa kichwa: siku za bamvua, maji hupwa kabisa karibu saa nne, asubuhi na usiku, na hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Ukijua mwezi, unaweza kukadiria maji ukiwa kitandani. Ukitaka uhakika, angalia jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam kwa siku hiyo.

Sasa mwendo wenyewe. Maji hayapungui kwa kasi moja kwa saa zote sita. Gawa tofauti ya kina mafungu 12: saa ya kwanza yanashuka fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua la mita 3.3, saa ya tatu na ya nne kila moja inaondoa zaidi ya sentimita 80. Huo ni mto unaokwenda mbio. Kwa maji mafu ya mita 1, saa hizohizo zinaondoa sentimita 25 tu, na maji yanaonekana kama yamelala.

Samaki mla samaki hula maji yakitembea. Maji yanapojaa, kamba wadogo, dagaa na watoto wa mkizi huingia ndani kabisa, katikati ya mizizi ya mikoko, mahali ambapo kolekole na mzia hawawezi kupenya. Maji yanapotoka wanalazimika kutoka nayo, na hori lote hukamuliwa kupitia vijimkondo vichache hadi kwenye mlango. Pale mlangoni, upande wa kina ambapo mchanga unakatika ghafla, ndipo mkubwa anaposubiri. Hana haja ya kukimbiza, chakula kinaletwa.

Kutokana na hayo, siku ninazozipenda ni za aina mbili.

Kwanza, mwezi 4 hadi 6 na mwezi 18 hadi 20. Maji yamejaa kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, na yanatoka asubuhi yote wakati upepo haujaamka. Unasimama karibu na mlango na kuvua kutoka saa ya pili ya kupwa hadi ya tano. Kama mtu ataniambia ana siku moja tu kwa mwezi, nitampa mojawapo ya hizi.

Pili, siku mbili tatu kabla ya bamvua, mwezi 11 hadi 13 au 26 hadi 28. Maji yamepwa mapema asubuhi, unatembea kwenye wangwa, ule uwanda wa tope kando ya hori, ukiwa mkavu, unaona kila shimo na kila kijimkondo, kisha unavua maji yanapoingia. Siku hizi ni ngumu zaidi kwa samaki lakini ni shule. Ziara yako ya kwanza kwenye hori lolote iwe siku ya namna hii, tena bila fimbo. Chora ramani kwenye daftari: mkondo mkuu uko wapi, mchanga unakatika wapi, tope laini liko wapi, njia ya kutokea ni ipi.

Siku ya bamvua lenyewe mimi huiacha. Maji huwa na tope, na mkondo wa saa ya tatu una nguvu ya kumwangusha mtu.

Kuhusu misimu: kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndio wakati wa maji safi ya kuonea samaki. Masika mito inamwaga matope na hori linakuwa kama chai ya maziwa. Kusi kinavuma kwa nguvu katikati ya mwaka, na hapo unavua mapema au upande uliokingwa na mikoko. Matangazo ya upepo mkali na mawimbi hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Yasome kabla ya kutoka nyumbani.

Mahali na ruhusa

Usivue ndani ya hifadhi. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vimetengwa tangu 1975, na visiwa vya Sinda, Makatobe na Kendwa viliongezwa 2007. Hori la bara ni jambo jingine, lakini nenda kwanza kwa afisa uvuvi wa manispaa yako, Kinondoni au Kigamboni, uulize leseni ya uvuvi wa michezo na mipaka ya eneo. Kisha jitambulishe kwa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za bahari cha kijiji au mtaa husika. Salamu hiyo ina thamani kuliko karatasi. Wale ndio watakaokuambia wapi wameweka nyavu na wapi kuna mitego ya kaa, na ndio watakaojua kwamba kuna mtu yuko hori akichelewa kurudi.

Mdomo wa Msimbazi karibu na Daraja la Selander usiuvue. Maji yake yanabeba taka za mji mzima, na ukijikata na chaza pale utajuta.

Jifunze mikoko, kwa sababu kila mti una habari yake. Mlilana hukaa mbele kabisa baharini na hutoa mizizi ya kuchomoza kama vigingi. Chini yake mara nyingi pana mchanga unaobeba mguu. Mkoko wenye mizizi ya matao, ule wa boriti, huota kwenye tope laini, na ndiko chewa wadogo na kelea wanakojificha. Mchu huvumilia chumvi na ukame, kwa hiyo unaupata hata juu kabisa ukingoni mwa wangwa. Maji yakifika kwenye mchu wa juu, ujue bamvua limejaa kweli. Usikate hata tawi kupisha mshipi. Sheria inakataza, na tawi hilo ndilo banda la kamba unaowategemea.

Vifaa

Fimbo ya namba 8 (namba huonyesha uzito wa mshipi inaoubeba), urefu wa futi 9, inatosha kwa karibu kila kitu ndani ya hori. Kama mlango wako una kolekole wakubwa, chukua namba 9. Fimbo nyepesi zaidi zinafurahisha kwa chaa na changu, ila upepo wa saa tano utazishinda.

Rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, iwe na breki inayovuta laini na iliyozibwa dhidi ya chumvi, ikiwa na angalau mita 150 za uzi wa akiba nyuma ya mshipi. Mshipi uwe wa kuelea, tena uliotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto. Huu si urembo: mshipi wa nchi za baridi hulainika juani kwetu kama tambi iliyoiva na hautelezi kwenye pete za fimbo.

Mbele ya mshipi funga nailoni ya futi 9 hadi 10 inayoanza nene na kuishia nyembamba, ncha yake ya kubeba kilo 9. Mzia ana meno ya wembe. Ukiwaona, ongeza kipande cha waya laini cha sentimita 15. Kolekole wa maji safi akiuona waya mara nyingi hugeuka, kwa hiyo usiuweke kama desturi.

Miwani inayokata mng'ao wa maji nailinganisha na fimbo yenyewe kwa umuhimu. Bila hiyo unaona mbingu juu ya maji; ukiivaa unaona mchanga, kivuli, na kile kinachotembeza kivuli. Kofia ya ukingo mpana, shati la mikono mirefu, viatu vya kufunga vyenye soli ngumu, koleo, maji ya kunywa lita mbili. Basi.

Kufunga flai kwa vitu vya Kariakoo

Flai moja ikikutosha kwa mwaka wa kwanza, iwe ile aliyoibuni Bob Clouser wa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1987. Ina macho mazito juu ya shina la ndoana, kwa hiyo hupinduka na kuogelea ncha ikiwa juu. Kwenye hori lenye majani na mizizi, hiyo ndiyo tofauti kati ya kuvua na kunasua.

Huna haja ya kuagiza malighafi. Manyoya meupe ya mkia wa mbuzi unaweza kuyaomba machinjioni. Yaoshe kwa sabuni, yakaushe kivulini. Kama hupati mbuzi, rasta nyeupe na za kijani kibichi wanazosukia akina dada ni nzuri kuliko unavyodhani. Metameta za mapambo ya Krismasi, ukizikata nyuzi nyembamba, hung'aa kama magamba. Uzi imara wa fundi cherehani, rangi ya kucha isiyo na rangi kwa ajili ya kugandisha, na shanga mbili za chuma za mnyororo kwa macho.

Bana ndoana namba 1 kwenye jiliwa, ncha ikiangalia chini. Zungusha uzi kuanzia karibu na tundu hadi katikati ya shina, ukikaza. Weka macho juu ya shina, theluthi moja nyuma ya tundu, uyafunge kwa msalaba mara kumi na tano hivi hadi yasizunguke ukiyasukuma kwa kidole. Chukua kishungi cheupe chembamba kama kijiti cha kiberiti, urefu mara mbili na nusu ya ndoana, ukifunge mbele ya macho, ukipitishe katikati yake, kisha ukifunge tena nyuma. Sasa geuza ndoana juu chini. Upande huu wa ncha weka nyuzi sita za metameta, na juu yake kishungi cha rangi: kijani kwa maji safi, kahawia kwa maji ya chai. Funga kichwa, paka rangi ya kucha mara mbili.

Kosa la kila anayeanza ni kujaza. Mikono inataka kuongeza. Flai nzuri ukiishika mbele ya dirisha unaona mwanga katikati ya manyoya. Iliyonona haizami wala haichezi.

Kabla ya kuiweka kisandukuni, bana kijino cha ndoana kwa koleo hadi kilale. Samaki hatoki kama mshipi umekazwa, na siku ndoana itakapoingia sikioni mwako utashukuru.

Kwa fundo, tumia kitanzi kisichobana, ili flai icheze huru. Piga fundo moja legevu kwenye nailoni, pitisha ncha kwenye tundu la ndoana, irudishe ndani ya lile fundo legevu kwa njia ileile ilikotokea, izungushe kwenye uzi mkuu mara nne, irudishe tena ndani ya fundo. Lowanisha kwa mate, vuta taratibu. Bila mate nailoni inaungua kwa msuguano, na utakuja kujua hivyo samaki akiwa mita 20.

Kurusha

Jifunzie uwanja wa mpira, asubuhi, ukiwa na kipande cha kitambaa badala ya ndoana. Wiki mbili, nusu saa kwa siku.

Anza na mshipi umenyooka mbele yako na ncha ya fimbo ikigusa nyasi. Inua taratibu, ukiongeza kasi, kisha simamisha ghafla fimbo ikiwa imepita wima kidogo tu. Subiri. Mshipi lazima unyooke nyuma yako, na ni lazima uusubiri. Geuza shingo uutazame. Unaponyooka, peleka mbele kwa kasi inayoongezeka, usimamishe ghafla tena, ushushe ncha. Nguvu yote imo katika kule kusimamisha. Anayepepea kama anafukuza nzi atasikia mlio wa kiboko nyuma yake, na huo ni mlio wa flai kukatika.

Mkono wa kushoto, ulioshika mshipi, uvute chini kwa ufupi wakati fimbo inapeleka, kisha uurudishe. Mvuto huo huongeza kasi, na ndio utakaokusaidia upepo wa bahari ukianza. Upepo ukitoka upande wa mkono wako wa kurushia, geuka upape mgongo unapolenga na utoe mshipi kwa mrusho wa nyuma, la sivyo flai itakupiga shingoni.

Usihangaike na mita 30. Ndani ya hori, samaki wangu wengi wamekuwa kati ya mita 10 na 15. Anayeweza kuweka flai ndani ya beseni kwa mita 12, kwa mirusho miwili tu ya hewani, atampita mwenye nguvu za kuitupa mbali.

Siku yenyewe

Tuseme ni mwezi 18. Maji yamejaa karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Fika wakati huohuo. Usiingie majini. Kaa ukingoni dakika 20 ukiangalia, huku unafunga fundo.

Kwanza maji yatasimama, majani yaliyokufa yatazunguka mahali pamoja. Kisha jani moja litaanza safari ya baharini. Choma kijiti kwenye mchanga pale maji yalipoishia. Kila baada ya robo saa kitakuambia kasi.

Tafuta mkizi. Mkizi hula ukoga wa matopeni, na hutampata kirahisi kwa flai ya manyoya, ila ndiye mpiga mbiu wa hori. Kundi lake likitembea polepole huku midomo ikigusa uso wa maji, kuna amani. Likiruka lote pamoja, upande mmoja, kama kokoto zilizorushwa, chini yake kuna mtu. Wahenga wetu walisema hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi. Wao walimngoja aangukie chomboni, wewe mtazame aliyemrusha.

Saa ya pili ya kupwa, sogea kwenye mlango. Ingia hadi magotini, si zaidi, na simama upande wa kina kidogo ukitazama kina kikubwa. Rusha mshazari juu ya mkondo, acha maji yaibebe flai huku inazama, hesabu hadi tano, kisha anza kuvuta kwa mkono wa kushoto. Mshipi upite chini ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ncha ya fimbo iwe karibu kugusa maji. Kwa kolekole vuta kwa kasi, mikono miwili ikipokezana. Kwa changu kwenye majani ya bahari vuta kidogo, pumzika, vuta kidogo, flai iruke chini kama kamba. Chewa wa mizizini anataka ipite mbele ya mlango wake polepole kabisa. Ukirusha mara tano mahali pamoja bila jibu, sogea hatua tatu. Tembea bila kurusha maji.

Nakumbuka asubuhi moja maji yalikuwa ya rangi ya chai nyepesi, jua limepanda kiasi cha fimbo mbili. Flai yangu nyeupe na kijani niliiona inakuja, na nyuma yake mchanga ukawa kama umenyanyuka. Kolekole, ukubwa wa sinia dogo. Ubavu wake uliwaka fedha mara moja, akapunguza mwendo, akaisogelea flai hadi karibu kuigusa. Mwili wote uliniambia nisimame ili aipate. Nikavuta kwa kasi zaidi. Akaimeza kwa hasira, na mshipi ukapita kwenye kidole changu ukiacha mfereji mwekundu niliokaa nao siku nne. Samaki anayefukuza anaamini anachofukuza kinakimbia. Ukisimama unamwambia si chakula.

Anaposhika

Hapa ndipo wengi waliozoea mshipi wa kawaida wanapompoteza. Usinyanyue fimbo. Ukinyanyua, fimbo inajikunja, flai inatoka kinywani. Fimbo ibaki inaelekea kwa samaki, na mkono wa kushoto uvute mshipi kwa nguvu, kwa urefu, mpaka usikie uzito. Hapo ndipo unainua.

Sasa angalia miguuni. Mshipi uliolegea utaruka kama nyoka. Uongoze kwa kidole na gumba hadi uishe na rili ianze kulia. Mwache akimbie. Akielekea mikokoni, laza fimbo pembeni, upande wa pili wa anakokwenda, umvute kwa shina la fimbo. Akisimama, zungusha. Akikimbia, acha. Kolekole hulala ubavu kwenye mkondo na kutumia maji kama tanga, kwa hiyo tembea kushuka na mkondo ili umpate upande wa chini.

Kama unamla, muue haraka, mtie kwenye barafu. Kama unamwachia, lowanisha mikono kwanza, usimtoe majini, geuza ndoana kwa koleo, mshike kwenye shina la mkia akiangalia mkondo hadi ajinyakue mwenyewe. Mimi wadogo wote nawaachia: hori ni chumba cha kulelea. Bunju ukimnasa, mrudishe baharini na usimpe mtu yeyote. Sumu yake inaua hata akipikwa.

Hatari ambazo zimenifika au zilinikaribia

Buruza miguu unapotembea kwenye mchanga. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hulala amejifukia, na ukimgusa pembeni anaondoka. Ukimkanyaga mgongoni anachoma. Akikuchoma, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, si ya kuchemka, kwa muda mrefu hata saa nzima na zaidi, kisha nenda hospitali hata maumivu yakipungua, maana kipande cha mwiba huweza kubaki ndani. Huduma hiyohiyo hufanywa kwa aliyechomwa na samaki mwenye miiba anayejifanya jiwe.

Radi ikisikika, weka fimbo chini. Ni ya kaboni na inapitisha umeme. Nyaya za umeme juu ya njia ya kwenda hori ni vivyo hivyo. Tembea na fimbo imelala.

Ukisikia mlipuko wa baruti ya wavuvi haramu, toka, usiwasogelee watu hao, toa taarifa.

Kubwa kuliko yote ni maji ya nyuma. Nilikuwa kwenye fungu la mchanga, maji yanajaa, samaki wanakula mbele yangu kuliko nilivyowahi kuona. Nilisahau kwamba fungu lina mgongo, na nyuma yake kuna mkondo niliouvuka ukiwa wa vifundoni. Nilipogeuka ulikuwa wa kifuani na unakimbia. Niliondoa viatu, nikashika fimbo kwa meno, nikaogelea mshazari kufuata mkondo badala ya kupingana nao, nikatokea mbali sana na mahali nilipoingilia, mikono imechanika kwa chaza. Tangu siku ile naweka kengele ya simu: maji yakianza kujaa, nina dakika 40, kisha niko upande wa bara, hata kama kuna kolekole ananitazama. Nenda wawili. Simu iwe ndani ya mfuko usioingiza maji, shingoni.

Ukirudi

Suuza kila kitu kwa maji baridi ya bomba ukiwa bado na viatu miguuni, kwa sababu ukikaa kunywa chai hutainuka. Rili usiipige maji kwa nguvu. Nguvu inasukuma chumvi ndani. Imwagie polepole, legeza breki, ianike kivulini. Futa mshipi wote kwa kitambaa chenye sabuni laini. Flai zilizotumika zisirudi kisandukuni zikiwa mbichi, kutu ya moja itawala wenzake wote.

Kisha daftari, siku hiyohiyo. Hivi ndivyo ukurasa wangu wa mwisho ulivyo:

Mwezi 18. Yamejaa saa 12:30. Kaskazi dhaifu, maji ya chai nyepesi. Jani la kwanza limeondoka saa 12:55. Mkizi wameruka mlangoni saa 2:40, upande wa mlilana wa tatu. Kolekole wawili, saa 2:50 na 3:15, flai nyeupe na kijani, kuvuta kwa kasi. Changu mmoja saa 4:05 kwenye majani. Baada ya saa 5 hakuna kitu. Mwezi 20 nirudi, nisimame hatua kumi chini zaidi.